Gari linakula mafuta: maswali ninayoulizwa kila wiki Mbeya na Nyanda za Juu Kusini

Mimi si fundi wa kusomea. Nilianza na Noah ya abiria kati ya Mbeya na Tunduma, sasa nina Passo yangu ya sisi (cc, ukubwa wa injini) elfu moja na Canter ya familia inayobeba viazi na mchele. Miaka yote hiyo daftari la mafuta halijatoka kwenye dashibodi. Watu wananiuliza yaleyale, wengine kwa simu saa nne usiku wakiwa wamesimama Igawa. Majibu ni haya.

Nitajuaje kama gari langu linakula mafuta kweli, au ni hisia tu?

Pima. Wengi wanaolalamika hawajawahi kupima, utasikia "naweka elfu ishirini, haimalizi wiki." Elfu ishirini si kipimo. Bei ya lita inabadilika kila mwezi, na wiki hii ulikwenda kazini tu, wiki iliyopita ulimpeleka shangazi Igurusi na magunia yake.

Jaza tanki mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza. Mwambie kijana wa sheli asiendelee kubonyezabonyeza ili afikishe hesabu isiyo na chenji. Andika kilometa zinazosomeka kwenye dashibodi. Endesha kama unavyoendesha siku zote mpaka tanki likaribie robo, kisha rudi sheli ileile, pampu ileile ikiwezekana, na ujaze tena mpaka ijikate. Lita zilizoingia ndizo ulizokunywa. Gawanya kilometa kwa lita. Ukurasa wa mwisho wa daftari langu unasema kilometa 412, lita 30.5, hiyo ni kilometa 13.5 kwa lita, na pembeni nimeandika "Tukuyu mara mbili, mvua, mama na ndizi zake."

Hayo maneno ya pembeni usiyadharau. Tanki moja la Mwanjelwa na Kabwe haliwezi kulinganishwa na tanki la safari ya Iringa. Pima matanki matatu ndipo uanze kumsumbua fundi.

Gari dogo la sisi 1300 linatakiwa kwenda kilometa ngapi kwa lita hapa kwetu?

Likiwa zima, safari ndefu tegemea 12 hadi 15, mjini 9 hadi 11. Ile namba ya juu uliyoisoma kwenye tangazo ulipoagiza gari Japani ilipimwa juu ya mashine, ndani ya jengo. Mlima Nyoka haukuwemo.

Nikishuka mlima na frii (nyutro) naokoa mafuta, si ndiyo?

Hapana. Na kwa kuwa hili ndilo swali linaloua watu, nitakaa nalo.

Zamani gari lilikuwa na kabureta. Ukishuka na gia, injini inazunguka kwa kasi na kabureta inaendelea kutiririsha mafuta kidogo kila mzunguko. Dereva wa Peugeot 504 aliyeweka nyutro mlima Kitonga alikuwa na sababu yake, ingawa ilikuwa sababu mbaya. Elimu hiyo ndiyo iliyorithiwa na matingo wao, na matingo hao leo ndio wanaowafundisha vijana udereva.

Magari ya nozeli, yaani karibu kila gari dogo lililoingia kutoka Japani miaka hii, hayafanyi hivyo. Ukiachia pedeli ya mafuta gari likiwa kwenye gia na injini inazunguka zaidi ya mizunguko elfu moja na mia kadhaa, kompyuta inafunga nozeli. Hakuna tone linaloingia. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na injini inakusaidia kulishika gari. Ukiweka frii, magurudumu yanaachana na injini, kwa hiyo isizime inabidi inywe mafuta ya sailensa, yale ya kuunguruma tu, kama vile umepaki.

Mwaisa mmoja alinibishia hili mpaka tukaenda kupima. Nina kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachotuma taarifa za injini kwenye simu. Tulishuka Iwambi kuelekea Mbalizi, gia ya chini, mguu wangu nje ya pedeli, mdogo wangu akisoma simu kwa sauti: "Sifuri... sifuri... bado sifuri." Tulipokaribia tambarare mizunguko ikashuka, namba ikarudi. Frii sikuijaribu Iwambi, sijachoka kuishi. Niliijaribu kwenye kamteremko kafupi ka mtaani, hakuna gari mbele wala nyuma, na simu ikasoma kama lita 0.8 kwa saa. Ndogo, lakini si sifuri. Mwaisa alinyamaza, akasema simu yangu ya Kichina.

Kuna mteremko mpole, wa urefu wa kutupa jiwe, ambao gia inakuvuta mpaka unalazimika kuongeza mafuta tena. Hapo frii ingekupa akiba ya kijiko. Sitaki hicho kijiko. Kwenye mteremko halisi, frii inaacha breki peke yake na uzito wote. Breki zinapata moto, unaanza kusikia harufu kama ya mpira unaoungua, pedeli inakuwa laini, halafu inafika chini. Na anayezima injini kabisa ndiyo amemaliza: baada ya kukanyaga mara mbili tatu breki inakuwa ngumu kama jiwe, usukani nao mzito. Sisi wa huku majina Iwambi, Inyala na Simike tunayajua kwa misiba.

Shuka na gia ambayo ungeipandia mlima huohuo. Kwenye otomatiki zima O/D (gia ya juu kabisa), au shusha mkono kwenye 2, au B kama gari lako linayo. Injini italia. Iache ilie, hainywi kitu.

Basi kupanda nipande vipi? Kitonga inamaliza tanki.

Kupanda kuna gharama isiyokwepeka. Chukua safari ya kutoka Kyela, ambako uko karibu na usawa wa Ziwa Nyasa, mpaka kule juu Isyonje kwenye mashamba ya viazi, zaidi ya mita 2,000. Kunyanyua gari dogo na watu wake kimo hicho ni zaidi ya lita mbili peke yake, nje ya zile za kwenda mbele. Hakuna dereva wala oili itakayozifuta.

Unachoweza kukwepa ni fujo. Anayepanda kwa kukanyaga mpaka chini, akafika nyuma ya lori, akafunga breki, akakanyaga tena, analipia mlima mara mbili. Mimi Kitonga nikiona foleni ya malori mbele naacha nafasi kubwa kuliko ustaarabu unavyodai, hata wa nyuma wakinipigia honi. Lori linakwenda kilometa kumi na tano kwa saa, na mimi kumi na tano hizohizo, gia moja, mguu mmoja hauchezi. Waliokwenda wakisukumana nawakuta Ilula wakinunua vitunguu.

Usiing'ang'anie gia kubwa mpaka gari linatetemeka, ukidhani mizunguko michache ndiyo mafuta machache. Injini iliyobanwa unaikanyagia mpaka mwisho, na kompyuta inaimwagia mafuta ya ziada. Shuka gia moja, ipumue. Wenye malori wao wana ile sehemu ya kijani kwenye mshale wa mizunguko, na wanajua kuitumia kuliko sisi.

Gari langu lilikuwa jepesi Dar, nimehamia Mbeya limekuwa zito. Limeharibika?

Halijaharibika. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa asilimia kati ya 15 na 20 ukilinganisha na Dar. Injini isiyo na tabo (turbo, ya kusukumia hewa) inavuta hewa pungufu, hivyo nguvu zinapungua karibu kwa kiasi hichohicho. Gari la nozeli linajirekebisha: hewa imepungua, linapunguza na mafuta. Kwenye tambarare huenda hata usione tofauti ya ulaji. Tofauti unaipata milimani kwa sababu umezoea mwendo wa pwani na unaulazimisha.

Kabureta haijirekebishi. Pikipiki au gari la zamani lililotegeshwa pwani likifika Makambako linaanza kunywa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, moshi unakuwa mweusi, plagi ukiifungua ni nyeusi kama sufuria ya kijijini. Hilo mpelekee fundi alitegeshe upya hukuhuku juu.

Asubuhi kuna baridi kali. Niwashe gari dakika ngapi kabla ya kuondoka?

Nusu dakika, ukizidisha moja. Muda wa kufunga mkanda na kufuta kioo. Kisha ondoka taratibu, bila kukanyaga kwa nguvu, kilometa mbili tatu za mwanzo.

Najua Juni na Julai watu wanawasha gari, wanarudi ndani kunywa chai. Fanya hesabu. Gari dogo likiwa limesimama linaunguruma linakunywa kama lita 0.8 kwa saa, na likiwa baridi linazidi hapo. Robo saa kila asubuhi, siku 25 za kazi, ni zaidi ya saa sita. Hizo ni lita tano kwa mwezi zilizochomwa uani huku kuku wakitazama. Na injini iliyosimama inapata moto polepole kuliko inayotembea, kwa hiyo hata hilo joto ulilokuwa unalitafuta hujalipata.

Dizeli kubwa zenye mfumo wa breki za upepo ni habari nyingine. Hizo zinasubiri upepo ujae.

Fundi ameniambia thamostati haina kazi Afrika, akaitoa. Ni sawa?

Hili limenipata mimi, kwa hiyo nivumilie.

Passo yangu ilianza kuchemsha siku moja nikitoka Chimala. Nikaipeleka gereji moja hapa mjini, siitaji. Jioni nikaichukua, imepona, sindano... samahani, Passo haina sindano ya joto, ina taa ya bluu tu inayowaka injini ikiwa baridi na kuzima ikipata moto. Wiki mbili baadaye daftari likaanza kunishangaza. Nilikuwa napata 15 kwa safari, nikaona 13, kisha 12. Nikabadilisha sheli. Nikamlaumu mke wangu kwamba anakanyaga sana, jambo ambalo nililipia kwa namna nyingine.

Kilichonifungua macho ni taa ya bluu. Asubuhi moja ya Julai nashuka Iwambi, injini ilishazima taa yake zamani, mara katikati ya mteremko ile bluu ikawaka tena. Injini inapoa ikiwa inatembea! Nilisimama Mbalizi nikacheka peke yangu. Fundi alikuwa ametoa thamostati, akaunganisha na feni izunguke muda wote bila kuzima. Gari lilikuwa limevuliwa shati katika mji wa baridi.

Kazi ya thamostati ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike joto la nyuzi themanini na kitu. Bila hiyo, pwani unaweza usigundue haraka. Huku kwetu injini inazunguka kwenye nyuzi hamsini, sitini. Kompyuta ikiona hivyo inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inaendelea kumwaga mafuta ya asubuhi mchana kutwa. Otomatiki nyingi hata gia ya mwisho zinakunyima mpaka injini ipate moto. Oili inabaki nzito. Hita nayo inapuliza uvuguvugu.

Thamostati mpya bei yake haifiki hata nusu ya tanki la mafuta. Weka, na weka kulanti badala ya maji ya bomba, kwa sababu kutu la maji ndilo lililoziba rejeta mpaka gari likachemsha mwanzoni. Kisha muulize fundi swali moja: feni inawaka na kuzima, au inazunguka tu? Tanki lililofuata baada ya kurudisha vyote nilipata 14.6. Fundi nilimwonyesha daftari. Akasema labda nimebadilisha mwendo.

Matairi yanataka upepo kiasi gani?

Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko. Hata kama maandishi ni ya Kijapani, namba ni zilezile: 220 ni pauni 32, 230 ni 33, 240 ni 35. Fuata kibandiko, si namba kubwa iliyochongwa kwenye tairi, ile ni kikomo cha tairi lenyewe. Pima asubuhi kabla hujatembea. Upepo ukipungua robo, ulaji unapanda asilimia mbili tatu, na tairi linalika pembeni. Hiyo ya kulika pembeni ndiyo itakayokuumiza mfuko zaidi.

Kuna anayeuliza kama apunguze upepo akitoka Dar kuja huku, kwa vile hewa ya nje ni nyepesi. Ni kweli kipimo kinapanda kama pauni mbili na nusu kwa sababu ya kimo. Lakini baridi ya asubuhi ya Mbeya inakirudisha chini karibu kiasi hichohicho. Acha ulivyo, pima ukishalala usiku mmoja.

Ea klina, plagi, oili: nini kinapunguza mafuta kweli?

Ea klina chafu kwenye gari la nozeli inakula nguvu zaidi kuliko mafuta. Kwenye kabureta inakula vyote viwili. Ibadilishe, hasa kama unapita njia za vumbi za Mbarali kiangazi, ila usitegemee muujiza.

Plagi na koili zikianza kumisi, hapo ndipo kuna hasara. Mafuta yanaingia, hayaungui, yanatoka kwenye ekzosi. Taa ya cheki injini ikiwaka, nenda ukapime kwa mashine. Mara nyingi ni sensa ya oksijeni, na sensa hiyo ikifa kompyuta inakisia, na kisio lake huwa la ukarimu. Kuna watu wanabandika plasta nyeusi juu ya taa. Nimeiona kwa macho yangu.

Oili: soma kitabu au mfuniko. Kama umeandikwa 0W-20 au 5W-30, usiruhusu mtu akumiminie ile nzito ya namba 40 kwa maelezo kwamba "gari la zamani linataka nzito." Kwa baridi yetu ya saa kumi na mbili asubuhi, oili nzito ni uji.

Na jambo ambalo halimo kwenye orodha ya mtu: breki zinazoshika. Ukifika nyumbani, weka kiganja karibu na kila rimu, usiiguse. Kama moja inafuka joto na nyingine ni za kawaida, umekuwa ukiendesha na breki imekanyagwa nusu, safari nzima. Magari yanayolala nje msimu wa mvua yanapata hili sana.

Mwendo gani unatumia mafuta machache?

Kwa gari dogo, barabara ikiruhusu, kati ya 70 na 90. Nguvu ya upepo inayokuzuia inakua kwa mraba wa mwendo: ukitoka 90 kwenda 110, upepo unakusukuma nyuma karibu mara moja na nusu ya mwanzo. Kwa kila kilometa mia umewahi dakika kumi na mbili. Hizo dakika zenyewe unazitoa kwa trafiki, kwa sababu kati ya Makambako na Mafinga ukikimbia hivyo tochi itakukuta tu.

Vibao vya 50 vijijini ndivyo vinavyofundisha uchumi wa mafuta kuliko mimi. Ukikiona kwa mbali, achia mafuta hapohapo, gari lizame lenyewe mpaka 50 likiwa kwenye gia. Nozeli zimefungwa, breki hujagusa. Anayekimbia mpaka kwenye kibao kisha akafunga breki amegeuza mafuta yake kuwa joto la pedi. Vivyo hivyo foleni ya Mafiati, na sehemu za ujenzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi: tembea polepole usisimame, kuliko kuruka na kusimama.

AC na hita je?

Hita ni bure, inatumia joto ambalo injini ingelitupa. AC inatumia mafuta, na kwenye gari la sisi elfu moja utaisikia mlimani. Mbeya tuna bahati, karibu mwaka mzima hatuihitaji kwa joto. Lakini ukungu ukikaa ndani ya kioo pale Uyole alfajiri, washa AC pamoja na hita, kioo kikikauka zima. Usiendeshe kwa kitundu ulichokifuta kwa kiganja ili kuokoa mafuta ya shilingi hamsini.

Mzigo unaongeza mafuta kiasi gani?

Tambarare, kidogo. Mlimani, unaweza kuuhesabu: gunia la kilo 100 ukilitoa Kyela mpaka juu Isyonje linakunywa kama glasi moja ya petroli. Kwa hiyo mchele wa mama mkwe beba tu. Kinachouma ni keria. Keria tupu juu ya paa inakata upepo mwaka mzima kwa ajili ya godoro ulilolibeba mara moja. Ifungue. Na yale madude ya kwenye buti (jeki mbili, betri bovu, dumu la maji, mabati) yashushe siku ya usafi.

Mimi ni bodaboda. Kuna la kwangu?

Choki. Asubuhi unaivuta pikipiki iwake, abiria anakuja, unasahau. Nimeona vijana stendi ya Kabwe saa tatu asubuhi choki bado iko juu. Hiyo pikipiki inakunywa kama mlevi. Pili, cheni: ikiwa kavu au imekazwa mno inakula nguvu, ikilegea nayo inatafuna meno. Tone la oili kila siku mbili. Tatu, upepo wa tairi la nyuma, hasa wewe unayebeba mishikaki.

Ni kweli nikijaza asubuhi napata mafuta mengi kwa vile ni baridi?

Matanki ya sheli yako chini ya ardhi, joto lake linabadilika kidogo sana kati ya asubuhi na mchana. Lala.

Cha kuangalia ni kingine. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, inatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na unaweza kuiona bei ya eneo lako kwa kupiga *152*00#. Kama Jumanne una nusu tanki na fununu ni kwamba bei inapanda, jaza. Kama inashuka, vuta siku. Huku kwetu bei iko juu ya ile ya Dar kwa sababu mafuta yamesafirishwa mpaka hapa, hilo usigombane na kijana wa pampu. Gombana naye kama hakuanzia sifuri. Shuka garini, simama mahali unapoiona namba, angalia stika ya Wakala wa Vipimo, chukua risiti.

Uchakachuaji umepungua tangu mafuta yaanze kuwekewa vinasaba (alama ya siri ya kuyatambua) mwaka 2010, ila haujafa. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inafanya gari ligonge mlimani na kupoteza nguvu. Likianza kugonga mara tu baada ya kujaza mahali fulani, na daftari linaonyesha ulikojaza, hapo risiti yako ina kazi.

Kuna vidonge na vidude vya kuchomeka vinavyopunguza mafuta nusu. Ninunue?

Usinunue.

Taa ya mafuta ikiwaka nabakiwa na kilometa ngapi?

Gari dogo mara nyingi hubaki na lita tano hadi saba, kwa hiyo tambarare unaweza kwenda zaidi ya kilometa hamsini. Lakini huku hatuna tambarare nyingi. Tanki likiinama mlimani mafuta yanakimbilia nyuma au pembeni, na taa inacheza: ukipanda Kawetere kwenda Chunya inawaka, ukishuka inazima. Iamini ilipowaka. Pampu ya mafuta iko ndani ya tanki na inapozwa na mafuta yenyewe. Ukizoea kutembea na tone, utaibadilisha pampu kwa fedha ambayo ungeijazia tanki zima.

Na kama safari ni ya Matamba na Kitulo kuona maua, jaza Chimala kabla hujazianza zile kona 57. Ukiishiwa kule juu utauziwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, kwa bei atakayoitaja mwenye chupa.